Siku Baba Alipokataa Kuuachia Mkono Wangu

Nikisikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, narudi katika ukumbi wa shule yetu ya Doha, nikiwa na umri wa miaka kumi. Nje jua liliunguza vyuma vya lango. Ndani kiyoyozi kilivuma kwa baridi kali hata tukafanya mazoezi ya maigizo tukiwa na sweta. Muhula ule tulisoma juu ya makazi ya Waingereza huko Virginia, Marekani, enzi za ukoloni: mashamba ya tumbaku, meli zilizoleta Waafrika, na sheria iliyosema kwamba mtoto wa mama mtumwa naye ni mtumwa. Mwalimu wetu wa historia, mwanamke Mmarekani mwenye sauti ya upole, aliamua tuigize mnada mbele ya wazazi. Alitutazama mmoja mmoja. Darasani Mwafrika nilikuwa peke yangu. Nikapewa nafasi ya msichana anayeuzwa.

Baba alikuwa dereva wa basi la shule hiyo hiyo. Mama alikaa nyumbani na mdogo wangu, na vibali vyetu vyote vya kuishi Qatar vilitegemea kazi ya Baba. Ndiyo maana nilipomweleza Mama kuhusu mnada aliendelea kusonga ugali kama anayegombana nao. "Tutasema nini, na sisi ni wageni hapa?" akamwuliza Baba.

Siku chache baadaye, tukiwa mazoezini, mwalimu alimkuta Baba akisubiri nje ya ukumbi, akamwomba aingie aigize baba wa yule msichana. "Hutasema neno lolote. Utasimama tu." Baba akazitazama funguo za basi mkononi mwake, kisha akavua kofia, akaingia. Wakamfunga mikono kwa kamba ya kuruka. Mvulana aliyekuwa dalali akagonga meza kwa rula, akataja bei, wenzangu wakacheka. Halafu akanishika bega ili anipeleke kwa mnunuzi.

Baba akaudaka mkono wangu kwa viganja vyake vilivyofungwa.

"Mwachie sasa," mwalimu alisema akitabasamu.

"Siwezi, mwalimu."

"Lakini ni maigizo tu."

"Najua ni maigizo. Huyu ni mtoto wangu kweli."

Kicheko kikakatika. Katika baridi ile yote, niliona jasho likimtiririka Baba usoni. Aliifungua kamba kwa meno, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, tukatoka. Nje watoto walikuwa wakingoja kupelekwa makwao, basi akawapeleka, kila mmoja hadi mlangoni kwao. Nilikaa nyuma yake nikiitazama shingo yake, nikiogopa hata kukohoa.

Ijumaa, siku ya mapumziko Qatar, tulikwenda kanisani Mesaimeer, pembezoni mwa Doha, kama kawaida, lakini Mama hakuimba. Kila simu ilipolia nyumbani, wote wawili walishtuka, na mmoja alingoja mwenzake aipokee. Jumapili Baba akaitwa ofisini. Mnada ulifutwa kwenye onyesho, na mwalimu, macho yakiwa mekundu, aliniomba msamaha mbele ya darasa. Baba aliambiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa muhula ukiisha. Tukauza friji na vitanda, tukarudi kwetu Kitale.

Leo ninaishi Doha tena. Mimi ni muuguzi. Siku hizi sheria inamruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri bila kuomba ruhusa ya yule wa kwanza, na kwa sababu hiyo ninalala vizuri kuliko Mama alivyolala. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na somo lile lile la Virginia, na hadithi ya msichana aliyeuzwa mnadani. "Mama, kwani baba yake yule msichana alikubali auzwe?"

"Hakuna aliyemwuliza," nikamjibu, na nikamsimulia habari za babu yake.

Alifurahi. "Kwa hiyo Babu alikuwa na nguvu kuliko wao."

Nikamwambia hapana. Akina baba wa Virginia nao waliwashika watoto wao, wakapigwa hadi vidole vikalegea, na watoto wakachukuliwa. Babu alipoteza kazi tu. Ndege iliyotuondoa Doha ilitubeba sote wanne, na mimi nililala usingizi hadi Nairobi, kichwa changu kikiwa mapajani mwa Baba.