Ami Kati ya Uwanja

Mama alipomfuata baba kaburini, mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la tano. Nyuma yangu walikuwako wadogo zangu wawili wa kike na kitinda mimba wetu, mwanamume, ambaye bado akiogopa kuku.

Baada ya khitma ya arobaini, ami yetu wa Wete alitukalisha barazani akatugawa kama muhogo. Mmoja aende Fundo kwa shangazi, mmoja achukuliwe Wete kwake, mmoja abaki hapa Pujini kwa jamaa wa mama. Mimi nijitazame mwenyewe.

Nikamwambia hatutengani, nitawalea mimi. Ami hakucheka. Alinitajia kila nilichokianza nikakiacha: chuo cha Kurani, shule, kusuka makuti, hata kisima nilichokichimba kikaniishia magotini. Mwisho akasema nimwoneshe jambo moja tu, nilifanye kila siku bila ya kuambiwa, mpaka karafuu za msimu ujao. Nikikosa siku moja, atakuja kuwachukua.

"Jambo gani, ami?"

"Lolote. Chagua weye."

Mbele yangu palikuwa na ufagio wa chelewa. Nikasema nitafagia uwanja kila alfajiri, kabla jua halijatoka. Ningekuwa na akili ningesema nitakunywa chai.

Siku ya nne tu niliuchukia ufagio ule kama mtu. Wadogo zangu wakanimwagia maji nikaamka. Nilichokuja kukijua ni kuwa nia haikai moyoni. Moyo wangu ulikuwa ukikoroma kama mwenyewe. Nia ilikaa miguuni: nyayo zikishagusa udongo wa baridi, vilivyobaki vilifuata kwa aibu.

Bibi jirani, kila akipita kwenda kisimani, aliniuliza, "Bi harusi, mume kaamka?" Nikamjibu kuwa bado, nampikia uji.

Masika yakaja, nikafagia maji. Nikiyasukuma upande huu, yanarudi upande ule, nami nayasukuma tena mpaka jua likachomoza nyuma ya mawingu. Nilipopata homa, wadogo zangu waliniweka juu ya jamvi wakaniburura uwanja mzima kama gunia la karafuu, nami nafagia nimekaa. Ardhi nayo ikaanza kupungua. Kufikia kipupwe, wageni walikuwa wakishikwa mkono ili wapande kizingiti.

Karafuu zikaiva. Ami akaja kulala kwetu usiku mmoja, aione siku ya mwisho kwa macho yake. Wadogo zangu wa kike hawakungoja. Walishafunga nguo zao kwenye kanga, kila mtu na furushi lake.

Alfajiri ile ami aliniwahi. Nilipotoka na ufagio, yeye alikuwa keshaswali, keshavaa kanzu, keshavuka kizingiti, yuko kati ya uwanja na mkoba wake, anaelekea njiani kulisimamisha gari la asubuhi.

Sasa kwetu, msafiri akishaondoka, hapafagiwi mpaka habari za kufika kwake zije. Ukifagia nyuma yake umemfagia yeye, asirudi. Na yeye akishatoka harudi ndani, ni mkosi.

"Usinifagie," ami akasema.

"Ami, leo ndiyo siku ya mwisho."

"Najua. Usinifagie."

Nikamwambia kuwa mtu aliye bado uwanjani hajaondoka, kwa hiyo asimame palepale mpaka nimalize. Akasema mambo hayo hayamo katika dini. Lakini mguu hakuutoa.

Nikafagia nikimzunguka. Gari likapiga honi njiani. Ami akatazama njia, akanitazama mimi, akaniambia nifanye haraka. Nikamwambia sifagii haraka, majani yanabaki. Gari likaenda zake.

Bibi jirani akasimama na mtungi kichwani. "Shikamoo mzee. Ndiyo umeota hapo?"

Lilibaki jani moja chini ya kiatu cha ami.

"Nyanyua mguu, ami."

Akanyanyua. Nikalitoa. Jua likachomoza.

Ami akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuja kuwachukua hawa, wallahi. Ufagie usifagie." Wadogo zangu wakashikana mlangoni. "Lakini nikiwachukua, mtabaki weye na huo ufagio peke yenu. Mimi lawama hiyo siitaki. Kaeni nyote."

Akaenda kwa miguu. Tulimtazama mpaka akapotea njiani, kisha wadogo zangu wa kike wakafungua mafurushi.

Habari za kufika kwake zilichukua siku tatu. Siku tatu hizo sikufagia. Alfajiri niliamka, wadogo zangu nao wakaamka, tukakaa wanne barazani kuyatazama majani yakianguka, hakuna aliyejua la kufanya.