Oili ya Mabaka

Fundi wangu hapa Bariadi alibadilisha sili ya oili na mpira mmoja wa rejeta, halafu akaniambia kwa upole wa daktari kwamba gari likishafika umri huu halikosi pa kuvujia. Kesho yake asubuhi nikakuta doa jeusi chini ya injini, na kando yake kidimbwi cha kijani cha kulanti, yale maji ya rejeta. Ungedhani ningekasirika, mwenzangu. Nilichuchumaa pale na kanga yangu ya kulalia, nikavuta ile harufu, nikaanza kucheka peke yangu. Kwangu mimi harufu ya oili asubuhi ni harufu ya nyumbani.

Nyumbani ni kijijini, upande wa Kimali. Nilikuwa binti mdogo wa shule ya msingi mwaka ule baba alipoingia kwenye zizi la bibi, akaswaga ng'ombe kadhaa kwenda mnadani, akarudi na pikapu. Kwetu ng'ombe hatolewi zizini hivi hivi. Anatolewa kwa mahari, kwa ugonjwa, kwa njaa. Baba aliwatoa kwa ajili ya gari lililokwishachoka mikononi mwa watu wengine, jeupe, lenye kutu kila upande. Bibi alilizunguka mara moja akiegemea fimbo yake, akalitazama kama anavyotazamwa ndama wa kununua.

"Haya, kama ndiye aliyekuja badala ya ng'ombe wangu, apewe jina," akasema. "Mabaka."

Alisema kwa kejeli, lakini jina likakaa, hata sisi watoto tukawa tunalitaja lile gari kama mnyama.

Basi Mabaka alivuja, rafiki yangu! Maji yalitoka mbele, oili ikatoka chini, na baba alikuwa akiziba huku kunafunguka kule. Chini ya injini aliweka dumu lililokatwa nusu, na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kulitoa bila kumwaga. Mama alikuwa jikoni anachemsha michembe ya viazi vikavu, kengele za ng'ombe zinalia zizini, na mimi napita uani kwa hatua za bibi harusi, macho kwenye oili. Bibi akiniona tu anaanza. "Wenzako wanatoka kukamua maziwa. Wewe umekamua nini, ng'wanone, mwanangu?" Nilikuwa nacheka, kisha namwangalia baba pale alipo na kopo lake la maji mbele ya rejeta, naacha kucheka. Baba alilipenda lile gari waziwazi, na kijiji kizima kilijua kwamba mama yake mzazi analichukia.

Jirani yetu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mchangamfu asiyekosa ushauri. Yeye ndiye aliyesema ile oili ipakwe kwenye nguzo za zizi, maana mchwa walikuwa wanazimaliza. Bibi alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake. "Hilo bati limekula ng'ombe wangu. Sasa mnataka lilambe na zizi lao?" Mjadala ukaishia hapo. Oili ikawa inarundikana kwenye dumu nyuma ya jiko, na mchwa wakaendelea kula.

Kisha shangazi akaposwa na watu wa kule Lagangabilili. Alikuwa mdogo wake baba, wa pekee, na ndiye aliyenisuka nywele na kunifundisha kufua. Mahari ikaja, ng'ombe wazuri kweli, na bibi akapata nguvu mpya ya kusema. Alimwita baba mbele yetu sote. Kama Mabaka atamfikisha bibi harusi kanisani, sawa, yeye hatafungua tena mdomo. Lakini shangazi akishuka mlangoni mwa kanisa kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, basi Jumatatu gari liende mjini likauzwe na ng'ombe warudi zizini. Baba akamjibu mama yake, "Sawa, mayu." Usiku ule hakumaliza ugali wake, na nilimhurumia mpaka na mimi nikashindwa kula.

Sasa sikia akili ya watu wetu. Jirani alisema maji ya rejeta yanavuja kwa sababu hayana kitu cha kushikana. Gundi ya kubandikia karatasi si tunapika wenyewe kwa unga wa udaga, ule wa muhogo? Basi huo huo udaga ukorogwe mwepesi, umiminwe ndani, wenyewe utakwenda kutafuta tundu na kuliziba. Baba, kwa kukata tamaa, alikubali. Na uvujaji ukapungua! Siku mbili tatu chini ya Mabaka upande wa maji palikuwa pakavu, na jirani akawa anatembea kijijini amefungua vifungo viwili vya shati.

Siku ya harusi shangazi alikaa mbele na bibi. Nyuma tulijazana ndugu, sufuria za pilau, mama, na jirani pamoja na baiskeli yake. Tuliimba, vumbi likatuingia vinywani, tukaimba hivyo hivyo. Tulipofika kwenye mto mmoja mkavu, ile mito yetu ya mchanga mtupu wakati wa kiangazi, Mabaka alipanda ukingo wa pili, akapiga mluzi, akasimama. Boneti lilikuwa linafuka.

Baba alingoja lipoe, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Kikatoka uji. Uji mzito wa kijivu, ukibubujika taratibu kama chunguni. Jirani aligeuka akawa anatazama mto.

Na kwa bahati iliyomfurahisha bibi, nyuma yetu ukaja mkokoteni wa ng'ombe, mtupu, unatoka kupeleka pamba. Mwenye mkokoteni akaamkia, "Mwangaluka, mayu! Mnakwenda wapi?" Bibi alikwisha kushuka, fimbo mkononi. "Lagangabilili. Tubebe," akasema, akamwangalia baba. Baba aliinamisha kichwa. Padri alikuwa na misa nyingine mchana huo, na kumkawiza ilikuwa kuifuta harusi.

Shangazi alishuka. Akavua viatu, akanipa nivishike. Akakunja gauni lake jeupe mpaka magotini, akalifunga kwa kanga ya mama, akachukua sufuria moja, akateremka mtoni. Pale mchangani akapiga magoti na kuanza kuchimba.

"Unafanya nini wewe?" bibi akapaza sauti.

"Natafuta maji, mayu. Mimi nakwenda kuolewa kwa gari la kaka."

Sijui kama kuna kitu nilichowahi kukipenda kama mgongo wa shangazi wakati ule. Mama akamfuata, nami nikafuata, na wote. Tulichimba kwa mikono, kwa sahani, kwa mfuniko wa sufuria, mpaka mchanga ukaanza kuloa na maji yakajikusanya chini, machafu kidogo lakini baridi. Mtu akaanzisha wimbo wa kulimia, ule wa kupokezana, na jembe au sahani ni mamoja. Jirani alichukua kisu, akachana mpira wa ndani wa baiskeli yake mwenyewe, akauviringisha kwenye mpira wa rejeta, nao ulikuwa umepasuka, akaukaza kwa meno. Baba alimimina maji, uji ukatoka, akamimina tena, tena, mpaka yakatoka safi.

Bibi alikuja taratibu akachungulia ule uji chini. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. "Kumbe Mabaka naye anapika," akasema, "amekosa maziwa tu." Alicheka mpaka akashikilia boneti, na tangu ng'ombe wale watoke ndiyo mara ya kwanza kumwona akiligusa lile gari. Akamgeukia mwenye mkokoteni kumshukuru: "Wabeja, mwanangu. Nenda tu."

Shangazi alishuka mlangoni mwa kanisa kutoka kwenye pikapu ya kaka yake, na tope magotini. Padri alikuwa ameshika funguo za pikipiki. Aliziweka mfukoni.

Jumatatu hakuna aliyetaja ng'ombe. Nilikuwa navuka uani na nusu dumu langu nikasikia bibi ananiita kutoka zizini. "Lete hiyo." Akachovya kitambaa kwenye oili, akaanza kupaka nguzo ya kwanza, kwa mkono wake.

Bibi hayupo tena, na baba naye ametutoka. Mabaka aliuzwa vipande vipande kwa watu wa vyuma chakavu, na zizi halina ng'ombe hata mmoja. Shamba la pamba limekuwa viwanja. Wimbo ule wa kulimia nimejaribu kuukumbuka wote, nakwama katikati.

Lakini Jumamosi iliyopita nilimpitia shangazi kule Lagangabilili, siku hizi mji wa ofisi mpya za serikali, nikampeleka nyumbani akapasalimie. Tulilala. Asubuhi nikakuta chini ya gari langu kuna nusu dumu, limewekwa sawasawa panapodondoka. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, kitambaa kikuukuu mapajani. Nguzo za nyumba ya jirani mchwa walikwisha kuzila zamani. Zetu zimesimama, nyeusi, imara.

"Usimwage," akaniambia. "Lete hiyo."