Karafuu za Bi Mize

Leo Jumapili, mwezi wa nane. Manyunyu tangu alfajiri. Jua limechungulia mchana kidogo, likarudi mawinguni. Wajukuu wamekwenda kwenye maonesho ya wakulima, mimi magoti yamenikataza. Basi naandika haya, ingawa nilisoma mpaka darasa la sita tu na sijui kama yatamfaa mtu.

Mwanangu, imenijia siku moja ya ujana wangu, huko huko kwenye maonesho. Ilikuwa miaka ile vyama vingi vimeshaingia, na hapa Pemba jirani hamsalimii jirani. Hata maziko tulikwenda kwa kuchagua. Nisiwaonee wenzetu: wao walifanya, na sisi tulifanya vile vile.

Bwana shamba alinitia katika waamuzi watatu wa karafuu, maana nilisifika kwa kuchambua. Vikapu vilipangwa mezani, havina majina, vina namba tu. Lakini ukili, ule msuko wa kikapu, una mkono wa mtu. Nilipofika namba saba nikajua pale pale nani kakisuka: Bi Mize, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mtu wa chama kile kingine. Zawadi ilikuwa turubai la kuanikia, na majamvi yake yeye yalikuwa yamejaa matundu.

Karafuu zenyewe, haki ya Mungu, zilikuwa safi. Rangi imeiva, vichwa vimekaa, harufu inakufuata. Nikaandika: hazikukauka.

Mzee Hamadi, mwamuzi mwenzangu na mtu wa chama changu mimi, akachungulia karatasi yangu. Akachukua karafuu moja katika kikapu kile, akaivunja karibu na sikio langu. Ikalia ta! kama iliavyo karafuu kavu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi binti, mie nimekuja kuamua karafuu. Wewe umekuja kupiga kura?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Ningeweza kufuta. Haya ikanizidi, au tuseme kiburi. Mpaka leo sijajua kipi. Nikaiacha vile vile. Turubai akapewa mzee mmoja wa kijiji cha Ole, na sitaki kumdhulumu, zake nazo zilikuwa nzuri.

Tunatoka, Bi Mize huyo akanijia. Mwaka mzima hatujasemeshana.

"Waambaje, mwanangu? Zangu zimekosa nini, nipate kuzitengeneza?"

Nikajibu nikitazama chini: "Hazikukauka vyema, Bi Mize."

"Ahsante. Bora umenambia."

Akaniamini, mwanangu. Hilo ndilo lililonitesa. Karafuu jua la siku nne, tano, linazitosha. Yeye alizochuma baadaye akaziacha juani siku nane. Nikiwa jikoni kwetu nilimwona kila asubuhi akizianika tena. Zikasinyaa, mafuta yakakimbia, vichwa vikawa vinapukutika kila akizigusa. Lilipoharibika jamvi la kwanza nilinyamaza. La pili lilipoanza kupukutika nalo, ndipo nikavuka ua nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliendelea kukusanya, kisha akasema, "Ungekuja juzi, ningeokoa za jamvi hili."

Msimu ule nilikwenda kumchambulia mpaka ukaisha. Kwetu walinisema, na kwao walinitazama kwa jicho la pembeni. Yeye alinipa nafasi ukumbini, basi. Kama alinisamehe hakusema, wala sikuthubutu kumuuliza.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilidhani kosa langu limeishia kwenye karatasi. Kumbe Bi Mize alikwenda nalo nyumbani, akaliamini, akalifanyia kazi. Basi mwanangu, ukiulizwa jambo unalolijua, mpe mtu haki yake, awe wako au si wako. Na ukishapotoka, usingoje moyo utulie. Nenda siku hiyo hiyo ukaseme, kungali kuna cha kuokoa.

Mola akujaalie ulimi wa haki na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi. Amin.

Jioni tumekula muhogo wa nazi kwa nguru wa chumvi.