Mlango wa Kang Wagi

Kang Wagi, yaani Kaka Wagi, alipiga gitaa la dangdut, muziki wetu wa kuchezesha watu, katika bendi yetu tangu ujana wake, na mimi nilikuwa nyuma yake na ngoma zangu. Kwa hiyo nikisema alikuwa na majivuno, mniamini. Akishuka jukwaani haulizii wali, anauliza, "Mmesikia usafi ule?"

Usafi wenyewe ulitoka kwenye kifaa alichokikanyaga kwa mguu, chenye vitufe vya kuzungusha. Kimoja kilibana sauti: kubwa ikashuka, ndogo ikapanda. Kingine kiliichuja, gitaa likalia kama mtu anayefumba na kufumbua mdomo. Kipenzi chake kilikuwa kile alichokiita Mlango. Harusi zetu za hapa Tulungagung, Java, huendeshwa kwa jenereta, na jenereta hunguruma hadi ndani ya spika. Mlango ulikata kila sauti ndogo. Ukipiga kwa nguvu unafunguka, ukipiga kwa upole unajifunga. Kang Wagi aliukaza mpaka mwisho na hakuugusa tena.

Ikafika harusi ya Wening, mwanawe wa pekee.

"Pak, siku hiyo sitaki dangdut," Wening alimwambia babake. "Nipigie ule wa kunilaza. Polepole vilevile."

Ule wimbo Kang Wagi aliutunga mwenyewe, enzi mkewe akishinda sokoni na yeye akibaki na mtoto mlizi.

Kwetu wazazi wa bi harusi hukaa kwenye jukwaa la maharusi kutwa nzima, wakipeana mikono na wageni. Kang Wagi akaomba ruhusa ya wimbo mmoja tu. Akaja kwetu wapigaji na nguo zake rasmi za dhahabu, kisu cha heshima kimechomekwa mgongoni.

"Angalia usituchome na hicho kisu, bosi," nikamtania.

"Funga domo. Piga taratibu."

Mwimbaji wetu akalitaja jina lake kwa mbwembwe, kama tunavyofanya kabla ya gitaa kuingia: "Kang Wagiii! Baba wa bi harusi!"

Kang Wagi akagusa nyuzi. Kimya. Akagusa tena, noti moja ikachomoza na kukatika. Wageni wakaanza kutazamana.

Kwenye meza ya sauti alikaa Trimo, fundi wetu tangu tulipokuwa tunabeba spika kwa baiskeli ya matairi matatu. Haji Mukri, babake bwana harusi, mwenye malori, akasimama.

"Wee Trimo! Wewe ni fundi wa sauti au wa kuizima? Unatuaibisha mbele za watu!"

Trimo akashikashika mitambo yake. "Samahani, Pak Haji. Kosa langu."

Mimi niliiona taa ndogo ya Mlango. Kila nyuzi zilipoguswa kwa upole, ilizimika. Kang Wagi naye alikuwa anaitazama. Angeinama tu, azungushe kitufe kimoja, basi. Lakini kuinama mbele ya wageni wale kulikuwa kukiri kwamba kosa liko chini ya mguu wake. Hakuinama. Alipiga kwa nguvu, Mlango ukafunguka, na wimbo wa kumlaza mtoto ukatoka kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu wakashangilia. Wening akainamisha uso, na shangazi zake wakasema ni machozi ya furaha.

"Karamu ya kumpokea bi harusi kwangu, huyo Trimo asikanyage," Haji akamwambia Kang Wagi. "Nitaleta fundi mwingine."

Kang Wagi akaitikia kwa kichwa. Nilimwona kwa macho yangu, na nilimchukia.

Wageni walipotawanyika, hakugusa chakula. Alimfuata Trimo alipokuwa anakunja nyaya.

"Trimo, ndugu yangu, lile kosa..."

"Mlango. Najua, Kang. Taa yako inaonekana mpaka mezani kwangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Leo wewe ni baba wa bi harusi."

Kang Wagi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisimama pale na zile nguo zake za dhahabu, Trimo akaendelea kukunja nyaya.

Siku ya karamu kwa Haji Mukri, bendi yetu ikipiga tena, baba wa bi harusi alipewa kipaza sauti ili amkabidhi binti yake.

"Pak Haji," akasema, "siku ile kosa lilikuwa langu, si la Trimo. Nilijua, nikanyamaza, ukamtukana."

"Ah, Kang, ya nini hayo leo?" Haji akacheka kwa tabu.

"Ni leo, kwa sababu watu ni walewale. Naona aibu kumtazama hata mke wangu."

Akachukua gitaa, akainama mbele ya wote, kisu mgongoni, akaulegeza Mlango mpaka mwisho. Jenereta ikanguruma spikani. Akaupiga wimbo juu ya mngurumo uleule, polepole, na kila noti ikasikika. Wening akaenda kuketi chini, karibu na miguu yake.

Ulipokwisha akamuuliza, "Pak, Pak Trimo yuko wapi? Amesikia?"

Kang Wagi akageukia meza ya sauti. Kijana asiyemjua, fundi aliyeletwa na Haji, alimwinulia dole gumba.

"Hakualikwa," akamjibu mwanawe, na akashindwa kuinua macho.