Tatu na Dakika Kumi, Tabata

Bosi wetu alirudi kutoka kozi ya Ulaya na vitu viwili: tai yenye mistari na neno "kuoanisha". Kila kengele ya hitilafu, alituambia, lazima ioanishwe na nyingine, saa kwa saa, mpaka chanzo kijulikane. Jambo lenyewe ni la kweli, na mafundi walikuwa wakilifanya kabla yeye hajajua kufunga tai. Alilitamka kama dawa aliyoigundua mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kinondoni yamejaa bidhaa za nje, na maofisini wanatafutwa watu wa kupunguzwa. Mimi nilikaa chumba cha kengele cha kituo kikuu, ambako nyaya za vituo vyote hukutana, nikipokea taarifa za vituo vya simu na kuzijaza kwenye fomu. Mwenge na Mbezi Beach walikuwa na mitambo mipya inayojichapia saa yenyewe. Tabata kulikuwa na taa, kengele, na mzee mmoja fundi aliyeishi na mkewe uani mwa kituo. Yeye aliandika kila kitu kwenye daftari, kisha akatusomea kwa redio.

Siku moja simu za upande wetu wote zikakatika. Mwenge na Mbezi Beach walichapa 09:10. Jioni mzee alisoma tatu na dakika kumi. Fomu ilitaka tarakimu nne, nami nikaongeza sifuri: 03:10.

Bosi akaoanisha. Saa tisa usiku, alisema, mtu alikata umeme Tabata ili aibe nyaya za shaba, betri zikavumilia saa sita, halafu Tabata ikazima na kuviangusha vituo vingine. Na usiku Tabata yupo nani? Hakwenda hata kuangalia kama kuna waya uliopungua. Mzee aliitwa ofisini, akakalishwa kwenye benchi la korido kusubiri kikao, na barua ya kumfukuza ikachapwa kabla kikao hakijakaa. Kazi ikienda, na nyumba ya uani inakwenda.

Siku ya tatu nilitumwa kulichukua lile daftari liwe ushahidi. Nililifungua kwenye gari. Saa mbili kamili: nimefagia. Tatu na dakika kumi: kengele zote. Sita na dakika arobaini: nimekwenda kuswali adhuhuri.

Kwa fomu yangu hiyo ingekuwa 06:40, na nani anaswali adhuhuri jua ndiyo kwanza linachomoza? Mzee alihesabu saa kama sote tunavyohesabu, kama bosi mwenyewe anapomwagiza mkewe chakula kiwe mezani saa moja. Tatu na dakika kumi ilikuwa ya asubuhi. Basi vituo vyote vilikufa dakika ileile, na vikifa hivyo, ubovu haumo katika kimojawapo. Umo pale vinapokutana, yaani kwetu.

Nikaitafuta karatasi ya mtambo wetu. 09:09, umeme wa chumba cha mitambo umekatika. Bosi alikuwa ameukata mstari huo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: hauhusiki. Alijua kwa nini umekatika. Asubuhi ile mafundi walikuwa wanamfungia kiyoyozi ofisini kwake, na betri zetu zilikuwa zimechoka; barua za kuomba mpya zilikuwa zimelala mezani pake miezi.

Niliviweka vyote mbele ya wakubwa, pamoja na sifuri yangu. Bosi akasema kwamba hiyo ndiyo faida ya kuoanisha. Hakuona haya hata kidogo. Barua ilichanwa, ukatolewa waraka wa kuviamuru vituo vifuate saa za kimataifa, na pole hakuna aliyeitoa.

Nilitoka kumwambia mzee kwamba anaweza kurudi kituoni kwake. Alisimama taratibu, akavaa kofia yake.

"Nashukuru, mwanangu," alisema. "Ila siku tatu hizi unapita hapa mbele yangu, hujaniamkia."

Ilikuwa kweli. Nilipita nikitazama ukuta, kwa sababu sikutaka kumwamkia mwizi. Bosi nilimdharau kwa kila alichokifanya, lakini hilo moja nilikuwa nimeliamini sawasawa na yeye.

Nikamwambia shikamoo. Aliitikia marahaba, kama anavyomwitikia mtoto yeyote wa njiani, akashuka ngazi.