Mjane Hakufika Kortini

Mpaka leo nikikaa karibu na mtu aliyejipaka marashi ya waridi, nahama mahali. Mwenye nyumba wetu wa Keko alikuwa akijimwagia marashi hayo nyuma ya masikio na kwenye mikono ya kanzu, hata ukajua kapita ukumbini kabla hujamwona. Wenzangu walisema ni mtu msafi. Mie nilijiuliza anafunika uvundo gani.

Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Mie na mume wangu tulipanga chumba cha mbele. Katika kilichotazamana na chetu alikaa fundi seremala na mkewe, mwanamke mpole aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka, nami nikimwita dada. Yule fundi akafa kwa homa, ghafla tu. Kwenye msiba hakuna aliyelia kwa sauti kumshinda mwenye nyumba. Alibeba jeneza, akashuka kaburini kupokea maiti, na siku ya kuondoa matanga akasimama ukumbini akasema, "Mjane huyu sasa ni dada yangu. Na akae eda yake humu kwa amani." Tukamwombea dua, wajinga sie.

Eda si jambo la kuchezea. Mjane hatoki, haonwi na mwanamume anayeweza kumwoa, anashinda chumbani na nguo zake nyeupe mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Majirani ndio tuliomtekea maji na kumpikia. Kodi yake niliipeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba, akaipokea kwa mikono miwili. Hata mwezi wa pili haujaandama, akamletea notisi ya kuhama.

Sheria ya Waingereza wakati ule haikumruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji anayelipa kwa kumfokea tu. Lazima aende kortini, aeleze sababu inayokubalika, na mpangaji aitwe ajitetee. Kuhitaji nyumba kwa ajili ya mwanawe ilikuwa sababu mojawapo, basi naye akadai mwanawe anaoa. Ukiisikia sheria hiyo utadhani mnyonge kapata ngao. Nami niliamini hivyo hivyo.

Tarishi wa korti akaja na samansi. Alisimama ukumbini na kaptula yake ya kaki, akataka mpangaji atoke aipokee kwa mkono wake. Nikamwambia yuko edani. Akasema yeye habari za eda hakutumwa. Akaitundika ile karatasi kwenye msumari wa mlangoni, pale pale marehemu alipokuwa akitundika kofia yake, akaenda zake.

Nilimfuata mwenye nyumba barazani kwake.

"Shikamoo, baba. Dada hawezi kwenda kortini, na wewe unajua."

"Marahaba, mwanangu. Kwani mie si Mwislamu? Mwambie asihangaike. Hakimu nitamweleza mwenyewe kuwa yuko edani, kesi isogezwe mbele."

Akanipa na machungwa nimpelekee mgonjwa wa moyo, ndivyo alivyomwita. Dada aliyala, akashukuru.

Pale sokoni walikuwapo waandishi wa barua, na yeyote kati yao angetuandikia ombi kwa hakimu kabla kahawa haijapoa. Hatukumwendea hata mmoja. Nani angeona haja ya karatasi kwa jambo analolijua kila mtoto wa Pwani? Wazee walisema mchawi mpe mwana kulea. Sie tulimpa, akamla.

Siku ya kesi nilikwenda kusikiliza tu, nirudi nimpe dada habari. Hakimu alikuwa Mzungu, na pembeni yake mkalimani. Mwenye nyumba alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na marashi yake yakanifikia hadi benchi la nyuma.

"Mpangaji yuko wapi?" mkalimani akauliza.

"Sijui, bwana. Samansi kaipata. Labda hana la kusema."

"Ana udhuru wowote?"

"Siujui."

Nilijikuta nimesimama. "Muongo huyo! Kamzika mumewe kwa mikono yake! Mwenzetu yuko edani, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema akae!"

Mkalimani, mtu wa mjini kama sie, aliinamisha macho, lakini alitafsiri yote. Hakimu akauliza kama mimi ndiye mpangaji. Siye. Akauliza kama nina barua ya mpangaji. Sina. Akaniamuru nikae kabla sijatolewa nje. Kisha akaandika kidogo, na alipoweka kalamu chini dada yangu hakuwa tena na chumba.

Mlangoni mwenye nyumba alinipita akaniambia kwa upole, "Usinune, mwanangu. Sheria ni sheria." Nilitema mate karibu na viatu vyake. Kinyaa nilichokisikia siku ile sijakisikia hata mbele ya kidonda.

Tarishi akarudi na amri, safari hii yuko na askari. Wakatoa kitanda, kinu, mbuzi ya kukunia nazi na sanduku la randa na misumeno ya marehemu, wakavitupa uani kwenye matope. Dada hakulia wala hakuuliza atalala wapi. Aliuliza, "Nitapitaje mbele ya wanaume hawa?" Tukaitana wanawake wa mtaa, tukashika kanga pande zote, tukamtia katikati, tukatembea naye mchana kweupe kutoka Keko mpaka kwa mama yangu Temeke. Wanaume tuliopishana nao waligeuza nyuso zao. Mwenye nyumba peke yake alisimama kututazama, akatuambia poleni.

Juma lililofuata chumba kile kilipangwa na karani wa bandarini, kwa kodi kubwa zaidi. Bwana harusi hatukumwona. Nasi tukahama, maana nisingeweza kulala humo.

Eda iliisha kwa mama. Tukamwogesha dada, tukamvika nguo mpya. Zile nyeupe, kwa desturi yetu, hutolewa sadaka kwa maskini, na mama alishamfikiria bibi mmoja kipofu wa jirani. Dada akakataa. Alizifua mwenyewe, akazikunja, akanitajia wa kumpelekea.

Nilimkuta mwenye nyumba barazani kwake na wazee wenzake, wanakunywa kahawa. Nikamwekea lile furushi mapajani.

"La nini hili, mwanangu?"

"Nguo za eda za mjane wako," nikasema, na wote wakasikia. "Kaambiwa atafute maskini. Katafuta Temeke nzima, hajamwona anayekushinda."