Shuka ya Melimeli

Mwanangu wa kwanza wa kiume alizaliwa Maskati, ndani ya ukuta wa mji, mwaka wa sitini na saba. Tulikuwa tumeshatoka Unguja, na alhamdulillahi tulikuwa na vyumba viwili, kisima karibu na majirani wema. Mama yangu alikaa nasi. Katika vitu vichache alivyotoka navyo lilikuwamo sanduku lake la njumu, na chini kabisa ya sanduku, shuka nyeupe ya melimeli, pamba nyembamba laini. Aliitunza kwa vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, ambavyo harufu yake hupanda puani hata sanduku likiwa limefungwa.

Shuka ile ilikuwa ya watoto wa kiume tu. Kaka zangu wawili walifungwa humo walipozaliwa, na wote wawili walikufa wachanga kabla sijazaliwa mimi. Sisi wasichana tulifungwa kanga kuukuu. Mama hakuiona shuka kuwa na mkosi. Aliipenda kwa sababu hakuwa na kitu kingine kilichowagusa wanawe.

Kwa hiyo mwanangu naye alifungwa shuka ya melimeli.

Siku ya tatu nilimfunua macho, nikaona weupe wa jicho umekuwa manjano. Mchana ule mkojo wake ulikuwa kama chai kavu isiyotiwa maziwa, na ziwa hakulitaka tena.

"Manjano ya watoto hayo," mama alisema. "Mtoe kibarazani apate jua."

"Kaka zangu walianza vipi, mama?"

Alivuta shuka, akamfunika mtoto mpaka shingoni.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, kwa hishima yako, leo hata mijusi wanatafuta kivuli. Huyu unamkinga na baridi gani?"

"Wewe ulizaa lini ukajua?" mama alimwambia. Lakini alikuwa akimfunua mtoto macho tena na tena. Mume wangu aliona, na mimi niliona. Akaenda kuazima gari ya jirani tumpeleke hospitali ya Matrah.

Njia ya Matrah siku zile ilipita katikati ya majabali, mawe matupu. Nilisoma kila sura niliyoihifadhi, na kila gari iliporuka niliweka kidole chini ya pua ya mtoto kujua kama anapumua.

Daktari alikuwa mwanamke mgeni. Kiarabu chake alikijulia ukubwani, akawa anamwita mume wangu "ewe dada", na mume wangu, Mungu amlipe, aliitika. Mama Kiarabu kilimpiga chenga, kwa hiyo kila neno la daktari lilipita kwangu. Alichukua tone la damu, akaenda kulitazama kwa hadubini, akarudi uso umebadilika.

"Damu yake inapasuka," alisema. "Mnazo nyumbani bakila, yale maharage mapana? Wewe umekula?"

"Hapana."

"Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Upande wako, kuna watoto wa kiume waliokufa hivi?"

Nikamgeukia mama, nikamfasiria. Alitengeneza shuka shingoni mwa mtoto. Kisha akainua vidole viwili.

Daktari akaniomba tasbihi iliyokuwa mkononi mwangu. Akauliza kwanza kama ni halali kuishika, na hilo nalikumbuka kwa shukrani. Akasema kwamba ndani ya kila chembe ya mwili, chembe ndogo isiyoonekana kwa jicho, Mola ameweka nyuzi arobaini na sita, nusu za mama na nusu za baba. Kila uzi ni mrefu mno, umesokotwa kama kamba, na juu yake yamepangwa maagizo kama shanga hizi. Shanga moja inaagiza rangi ya jicho, nyingine inaagiza kitu cha kuilinda damu. Siku hizi mjukuu wangu anayekaa Mawaleh huniambia uzi ule ni kromosomu, shanga ni jeni, na kile kilichosokotwa ni DNA. Siku ile nilielewa kwa tasbihi.

"Wewe una nyuzi mbili za namna hii moja," alisema. "Ukiwa na shanga mbovu kwenye uzi mmoja, ya uzi wa pili inafanya kazi. Hujui hata kama unayo. Binti anaweza kuichukua akaishi salama. Lakini mwana wa kiume ana uzi mmoja tu wa namna hii, nao ni wa mama. Uzi wa baba unaokaa pembeni yake ni mfupi, hauna shanga hiyo. Ikiwa alichopewa na mama ni kibovu, hakuna wa kumsaidia. Kitu kikali kikimgusa, damu inapasuka."

"Kitu gani kilichomgusa?"

"Hilo ndilo silijui."

Damu ya mume wangu iliafikiana na ya mtoto. Walimbadilisha damu kidogo kidogo, wakitoa kidogo na kutia kidogo, na mimi nikakaa ukutani nikiwa nimeshika tasbihi bila kuihesabu. Alasiri macho yalianza kung'aa. Mama alilia, akamchukua, akamfunga vizuri kwenye shuka yake.

Asubuhi manjano yalikuwa yamerudi.

Daktari alisimama kando ya kitanda. Alijua, na sisi tulijua, kwamba manjano yakizidi yanafika kwenye ubongo. Akainama asikilize moyo. Alipoinama akasita. Akainama tena, si kwa kusikiliza, bali kwa kunusa.

"Harufu hii ni ya nini?"

Nilimwambia ni ya vidonge vya nondo. Akasema maneno ya haraka, akanyoosha mkono kwenye shuka, na mama akaishika upande wa pili.

"Mwambie asiniguse nguo yangu! Hii ni nguo ya wanangu. Mwambie!"

"Mama, iachie."

"Kasemaje huyo?"

Nilijua nitakalomwambia, na nilijua litafika wapi. "Kasema vile vidonge vya sandukuni, mvuke wake umeingia kwenye nguo, na damu ya mtoto haiuwezi."

Mama aliitazama shuka. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja. Daktari akaichukua, akaagiza mtoto aoshwe mwili mzima, damu ibadilishwe mara ya pili.

"Na wale wawili?" mama aliuliza. "Muulize."

Nikauliza. Daktari akasema huenda ikawa ndivyo, huenda isiwe, hakuna wa kuthibitisha sasa. Nikamfasiria vile vile, sikupunguza wala sikuongeza.

"Kwa hivyo mimi," mama alisema.

"Uzi umetoka kwako ukapita kwangu, mama. Hatukuuchagua. Na shuka uliwafunga kwa mapenzi. Mwenyewe aliyezisokota nyuzi hizo anajua."

Mtoto alipoletwa baada ya damu ya pili, niliukunjua upande wa buibui langu nimfunike. Mama akanizuia. Akafungua vifungo vya kanzu yake, akamweka mtoto mtupu kifuani, ngozi kwa ngozi, akakaa hivyo mpaka aliposikia anatafuta ziwa.

Ndipo akanipa. "Nyonyesha," alisema. "Ana njaa mwanao."

Mwanangu yule leo ana wajukuu Mabela. Bakila hali, na kila daktari humwambia habari ya damu yake mwanzo kabisa. Mama aliishi akawaona watoto wawili wa kiume wa mwanangu yule. Kila mmoja alipozaliwa, mama aliomba nguo za mtoto zipelekwe kwake kwanza, moja moja, akazinusa zote ndipo akaruhusu avishwe.